Miguu ya Mama, miguu ya watu wa angani

Jumamosi. Mawingu tangu asubuhi, joto la kunata, na mvua imekataa kunyesha.

Leo tumetoa matanga ya Papa, baba yangu. Nimerudi nyumbani, nimeoga, nimekula makemba mawili, ndizi za kuchoma, na sasa naandika. Sisikii kitu. Naliandika hili mwanzoni ili nisije nikajipamba huko mbele. Huzuni sisikii, furaha sisikii, hata uchovu sisikii. Watu wamelia leo mpaka jirani ambaye yeye na Papa walikuwa hawasalimiani. Mimi nilikuwa natazama magoti ya Mama.

Magoti tu.

Ngoja nieleze vizuri, maana nikisoma ukurasa huu miaka ijayo huenda nikajiona kichaa.

Watu wa upande wa Papa walitoka Maniema na desturi zao zote, hawakuacha hata moja njiani. Mwanaume akifa, mjane wake anakaa chini kwenye mkeka, chumba cha mbele, tangu siku ya mazishi mpaka siku familia itakapotoa matanga. Hapiki, hafagii, habebi hata kikombe. Chakula analetewa. Chooni anapelekwa ameshikwa mkono. Dada ya marehemu anakaa naye kwenye mkeka huohuo, anamfariji na kumchunga pia. Siku ya mwisho familia inajaa uani, mjane anaambiwa asimame. Anasimama mwenyewe bila kushikwa, anatembea mpaka mtoni, anaoshwa, mkeka unachomwa. Hapo amekuwa mtu tena.

Asiposimama, wanasema marehemu amemshika. Na marehemu, kwa maneno yao, hamshiki mtu bure. Anamshika aliyemuua.

Natamani niseme haya ni maneno ya wazee tu. Lakini barabara ya nyuma yetu kulikuwa na mama mmoja, mjane, muuza mafuta ya mawese. Siku yake alijaribu kusimama mara mbili, akaanguka mara mbili. Kabla jua halijazama sufuria zake zilikuwa nje ya lupango, nje ya ua wake, na watu wakipita wanazikwepa kana kwamba zina ugonjwa. Alipanda mtumbwi kwenda kwa kaka yake, huko Isangi. Hatujamwona tena. Nyumba wanaikaa wengine.

Nilijua hilo linaweza kumpata Mama. Nililijua tangu mwezi wa kwanza wa matanga, na sikumwambia mtu.

Kwa kawaida matanga yenyewe yasingekuwa marefu hivi. Tulikuwa tunamsubiri Tonton Kalume, kaka mkubwa wa Papa, ambaye bila yeye hakuna linaloamuliwa katika familia. Alikuwa Kinshasa kwa kazi za serikali, na meli ya kumleta ikawa leo inakuja, kesho inakuja. Mara imekwama kwenye mchanga, mara imekosa mafuta ya mazuti. Mama akawa anakaa. Wiki zikawa miezi. Kila jioni watu walimwambia pole, apumzike, asijichoshe. Kila aliyempenda alimzuia kuinua mguu.

Siku moja nilimshika kumpeleka chooni. Mkono wangu ukateleza, ukaangukia kigimbi chake. Kilikuwa kimelegea kama kwanga, mkate wa muhogo, ambayo haijafungwa kwenye majani. Mama huyu alikuwa anabeba beseni la samaki kichwani toka bandarini mpaka soko kuu, anapita barabara yote bila kupumzika, tena anagombana na wateja njiani. Siku hiyo alisimama mlangoni, macho yakamgeuka, akasema, "Mwamini, naona giza," akaketi palepale kwenye udongo.

Na mimi nilijua ni nini. Hilo ndilo linaloniudhi, kama nina uwezo wa kuudhika.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Wiki aliyofariki Papa nilikuwa nafundisha darasa la tano la sekondari somo la kukosa uzito, lile Wafaransa wanaliita apesanteur. Nilimzika Jumanne, Jumatatu iliyofuata nikarudi darasani nikaendelea pale nilipoachia. Mkuu wa shule alinisifu mbele ya wenzangu, "Citoyenne Mwamini ana moyo." Moyo gani? Nilikuwa nafuata chaki inakokwenda.

Wanafunzi wote wanaanza na kosa moja. Wanasema kule juu hakuna mvuto, ndiyo maana watu wanaelea. Hapana. Kule ambako watu wa angani wanazunguka, dunia bado inawavuta karibu sawasawa na inavyotuvuta sisi hapa. Wanaelea kwa sababu wanaanguka. Chombo kinaanguka, wao wanaanguka ndani yake, kijiko chao nacho kinaanguka, wote kwa pamoja. Ila kwa vile wanakwenda mbele kwa kasi kubwa mno, kila wakianguka wanaikosa dunia, wanaizunguka tu. Mtu anayeanguka pamoja na sakafu yake hawezi kuikanyaga sakafu hiyo. Nyayo zake hazina kinachozisukuma kutoka chini.

Wanasayansi wanaipenda sana hali hiyo. Mwali wa mshumaa kule hauchongoki, unakuwa wa duara. Mbegu ikiota, mzizi haujui chini ni wapi. Lakini kilichonishika mimi kilikuwa gazeti la Kifaransa kwenye maktaba ya mapadri, lenye picha ya wanaume waliokaa angani miezi mingi, siku ya kurudi. Wanatolewa kwenye chombo wamebebwa kwenye viti, blanketi magotini, kama machifu wa zamani kwenye tipoye. Wanajeshi wale, vifua hivi. Wanacheka mbele ya picha, na hawawezi kusimama.

Mguu usiobeba kitu unaacha kuwa mguu, kwa maneno ya kwangu mwenyewe. Nyama inapungua, mfupa unapoteza chokaa yake, na moyo unazoea kazi rahisi. Mtu akirudi duniani na kusimama, damu yote inamkimbilia miguuni, macho yanaingia giza, anaanguka. Chini ya picha waliandika kwamba madaktari wanaotaka kuchunguza jambo hilo bila kumrusha mtu angani wana njia nyepesi. Wanachukua mtu mzima wa afya, wanamlaza kitandani wiki nyingi, kichwa kikiwa chini kidogo kuliko miguu, na hawamruhusu kuamka.

Nilisoma mstari huo nikafunga gazeti.

Sisi hatukuwa na madaktari wala roketi. Tulikuwa na mkeka.

Lakini gazeti lilisema pia dawa yake. Watu wa angani wanavaa nguo zenye mipira ya kuvuta, inatoka begani mpaka nyayoni, ili kila wakinyoosha mwili washindane nayo. Wanakimbia wamefungwa kwa mipira wasiruke. Wanaendesha baiskeli isiyokwenda mahali. Nikafikiri, mipira tunayo. Baiskeli ya Papa ilikuwa imeegemea ukuta wa nyuma tangu alipougua. Nikatoa mpira wa ndani wa gurudumu la mbele, nikaukata vipande virefu kwa kisu cha jikoni.

Mama aliniona. Akasema, "Unakata kinga ya papa yako, baiskeli yake?"

"Haiendi popote, Mama."

Nilisema hivyo. Kavu kabisa. Akageukia ukuta.

Kumshawishi ilichukua siku kadhaa. Alisema mjane anayefanya mazoezi ni mjane asiye na huzuni, na watu wana macho. Nikamwambia hawataona, ni chini ya kitenge. Akauliza, "Na yeye?" Nikajua anamsema Papa. Nikamjibu kwamba yeye atafurahi. Sikuwa na ushahidi wowote, na mwalimu wa fizikia hapaswi kusema bila ushahidi, lakini ilipita.

Bon. Tulianza. Kila mchana Shangazi Amisa, dada ya Papa, yule aliyekaa na Mama mkekani, alikuwa akishiba pondu na wali analala usingizi wa kukoroma mpaka kuku wanashtuka. Hapo ndipo Mama anapitisha mpira chini ya unyayo, ncha mbili mikononi, anasukuma mguu mpaka unanyooka, anaurudisha polepole. Mguu huu, kisha huu. Nyuma ya ua wa choo nilikuwa namsimamisha kwa vidole, anapanda, anashuka, mkono wake ukutani. Alikuwa akitukana kwa sauti ya chini, matusi ya sokoni, na mimi nilikuwa nahesabu. Jirani mmoja aliniuliza kwa nini Mama anakaa chooni sana. Nikasema ni tumbo.

Kumwambia Shangazi kulikuwa hakufikiriki. Kumwambia Shangazi ni kuwaambia commune nzima ya Tshopo. Tena yeye ndiye aliyekuwa akisema kila jioni, bila kumtaja mtu, kwamba kaka yake hakuwa mgonjwa wa kufa, kwamba mwanaume mzima haondoki hivi hivi. Alimpenda kaka yake. Aliacha nyumba yake na biashara yake ya chumvi kuja kukaa chini kwa ajili yake. Hilo siwezi kumnyima. Alikaa kila siku ambayo Mama alikaa, na hakutaka kuinuka hata kuchukua maji, kwa sababu huzuni yake aliipima kwa kutosogea.

Basi, leo.

Tonton Kalume alifika juzi, hatimaye. Asubuhi alikuwa tayari uani kwenye kiti cha katikati, amevaa suti ya abacost ya kijivu iliyofungwa mpaka shingoni, jasho linamtiririka. Salongo, kazi ya lazima ya mtaa ya kila Jumamosi, tulisamehewa kwa sababu ya matanga, kwa hiyo mtaa mzima ulikuja kwetu. Viti vilitoka parokiani. Lotoko, pombe kali ya kienyeji, ilikuwa nyuma ya jiko, na wazee fulani walikuwa wanakwenda nyuma ya jiko mara nyingi.

Mapema, kabla watu hawajajaa, nilifanya jambo moja la mwisho. Niliwahi kusoma kwamba watu wa angani siku ya kurudi wanabanwa miguu kwa nguo ya kukaza, ili damu isiwaporomokee. Nikachukua vipande vya mpira, nikamzungushia Mama kwenye vigimbi vyote viwili, nikakaza vya kutosha, nikashusha kitenge. Nilijiona nimemaliza kila kitu. Nilikuwa na uhakika kama wa kwenye ubao.

Mkeka ulitolewa ukawekwa barazani ili wote waone. Mama na Shangazi walishikwa na mabinti wa ukoo, mmoja huku mmoja huku, wakakalishwa. Tonton akasema maneno ya marehemu, mazuri, marefu. Kisha ikawa zamu ya Shangazi. Kazi yake ni kumvua mjane kitenge cha matanga na kumfunga kitambaa cheupe cha kwendea mtoni. Akavuta kitenge.

"Yesu na Maria!"

Sauti yake ilifika barabarani. Wanawake wakainuka. Nami nikaona wanachokiona wao. Mipira myeusi imezungushwa kwenye miguu ya mjane, imefungwa mafundo, imefichwa chini ya nguo ya matanga.

"Amefunga! Munaona? Amemufunga kaka yangu!" Shangazi alikuwa anapiga paja. "Ndiyo nilisema! Miezi yote nilisema! Hii iko nkisi!"

Neno hilo likapita watu wote, hadi nyuma ya jiko. Nkisi. Dawa ya kumfunga mtu. Mama alikuwa anatazama miguu yake kama ya mtu mwingine.

Tonton Kalume akanyanyua mkono, watu wakatulia kidogo. "Nani aliweka hii?"

"Mimi, Tonton."

"Mwamini? Weye mwenye kusoma? Ni kitu gani hii?"

Nikamjibu ukweli. "Ni mpira wa baiskeli ya Papa."

Ah. Nilipomaliza sentensi nikaona nyuso zimebadilika. Mtoto wa hapa mwenye akili zake asingesema hivyo. Kitu cha marehemu, kimekatwa kwa kisu, kimefungwa kwa siri kwenye mwili wa mjane. Kama ningekaa chini kutafuta jibu baya kuliko yote, nisingepata lingine. Mwanamke mmoja akamvuta mwanawe nyuma. Mwingine akaanza kuuliza kwa sauti sufuria zetu ziko wapi, zitolewe.

Hapo mtu wa kawaida angelia. Kilio kingesaidia pengine. Nilitafuta ndani sikupata, kwa hiyo nikafanya ninalolijua. Nikafundisha.

Niliwaambia habari za watu wa angani, miguu yao, viti vyao vya kubebewa. Tonton alikuwa amezisikia kwenye redio, akaitikia kwa kichwa kwa heshima. "Ndiyo, ndiyo. Kule hakuna uzito, sababu iko mbali na dunia."

"Hapana, Tonton. Si mbali. Ni kwa sababu wanaanguka."

"Wanaanguka, na hawafiki?"

"Hawafiki."

Mzee mmoja mwenye macho mekundu ya lotoko akasema, "Alors, huyu mutoto amelewa kuliko sisi." Watu wakacheka, na kicheko kile kilinipa nafasi. Nikachukua kopo la maziwa la kuchotea maji kwenye pipa. Nikaomba msumari. Nikatoboa matundu mawili chini, nikajaza maji, nikapanda kwenye kiti cha parokia na nguo zangu za matanga. Maji yakawa yanatoka kwenye matundu, michirizi miwili, kila mtu anaona. Nikasema, "Tazameni nikiachia." Nikaachia.

Kopo likaanguka, na likiwa linaanguka maji hayakutoka. Hata tone. Mpaka lilipogonga ardhi likalowesha viatu vya Tonton.

Yule mzee akasema, "Rudia."

Nikarudia. Mara ya tatu watoto walikuwa wamechuchumaa kutazama kwa chini. Nilikuwa nimelowa mpaka magotini, juu ya kiti, katika matanga ya Papa yangu, naangusha kopo la maziwa. Nikawaza, Papa angecheka sana. Niliwaza tu, bila kusikia chochote, kama mtu anayekumbuka anwani.

"Maji hayatoki kwa sababu kopo haliyabebi," nilisema. "Vyote vinaanguka pamoja, hakuna anayemlemea mwenzake. Mguu nao ni hivyo. Usipolemewa na kitu siku nyingi unasahau kazi. Wa angani wanasahau kwa kuelea. Wajane wetu wanasahau kwa kukaa. Yule mama wa mafuta hakushikwa na mtu. Alikalishwa."

Tonton alifuta kiatu chake polepole. "Donc, hii mipira iko ya kukumbusha mguu?"

"Ndiyo, Tonton."

Nadhani alikuwa karibu kukubali. Lakini Shangazi Amisa hakuwa ametazama kopo hata mara moja. Alikuwa anamtazama Mama.

"Umetuonyesha kopo," akasema. "Tuonyeshe mguu. Atoe hii mipira yote, asimame! Na kama hawezi, tutajua. Mimi mwenyewe nitatoa."

Na akainuka kwa hasira kwenda kuivuta.

Aliinuka mpaka nusu. Kiuno kikanyooka, mkono ukatangulia mbele, halafu uso wake ukabadilika, macho yakaenda mahali pengine. Magoti yakakunjika. Alianguka kwa ubavu kwenye saruji ya baraza, mwili mzima, na sauti ile ya mwili mzito sitaisahau.

Hakuna aliyesogea. Ndugu zake mwenyewe hawakusogea. Kila mtu pale alijua maana ya kuanguka siku ya kutoa matanga. Na nyuma kabisa, mtu fulani, sijui nani, akasema bila kupaza sauti, "Kumbe marehemu ameshika dada yake."

Shangazi alisikia. Nilimwona anasikia. Alijaribu kujiinua kwa kiwiko, mguu ukateleza, akajaribu tena. Yule mwanamke aliyekuwa anauliza sufuria zetu ziko wapi alirudi hatua moja nyuma.

Mama akasimama.

Hakuambiwa. Hakujishika popote. Alikunja miguu chini yake, akaweka kiganja gotini kama alivyokuwa akifanya chini ya beseni la samaki, akapanda. Akayumba kidogo, akatulia. Kisha akainama, jambo ambalo mimi sikuwahi kumfundisha, akamshika Shangazi chini ya kwapa.

"Amisa. Leta mukono. Usiwaangalie."

"Siwezi, bibi ya kaka."

"Unaweza. Egemea huku. Polepole, utaona giza, ngoja giza ipite."

Wakasubiri giza lipite, wawili wamekumbatiana, kitambaa cheupe kinaning'inia begani kwa Mama. Wakaanza kutembea. Watu wakawapisha. Desturi inasema mjane atembee bila kushikwa, na hakushikwa. Yeye ndiye aliyeshika. Tonton Kalume alisimama akavuta abacost yake ikanyooka, akasema kwa sauti ya ofisini, "Bon. Imeisha. Matanga imeisha," na ndipo wanawake wakapiga vigelegele, wengine wakalia.

Njiani kushuka mtoni nilisikia wanasema, loo, kumbe huyu mama ana nguvu, Mungu amempa nguvu. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mungu ashukuriwe, lakini wiki zile zote nyuma ya choo nilikuwa pale.

Mtoni waliwaosha wote wawili. Maji ya mto Tshopo yalikuwa ya rangi ya chai, baridi kuliko nilivyodhani. Shangazi aliketi kwenye jiwe, maji kiunoni, nywele zimelala. Nilipokuwa namfunga kitenge kikavu alinivuta sikio karibu na mdomo wake, kama anataka kunilaani.

"Ile mupira," akasema. "Ilibaki?"

"Gurudumu la nyuma bado, Shangazi."

"Basi uilete. Usiku—hapana, mchana. Wakilala." Halafu akaanza kulia, na nilijua safari hii anamlilia kaka yake tu, bila kumtafuta mwenye kosa. Nikamshika mgongo. Mkono wangu ulijua la kufanya, mimi sikuwa na habari nao.

Mkeka ulichomwa pale ukingoni. Tonton alimwambia Mama mbele ya watu kwamba nyumba ni yake, asisogezwe na mtu. Sufuria ziko mahali pake. Kila nilichokiogopa hakikutokea. Nilirudi nyumbani nikitegemea kwamba sasa kitu ndani kitafunguka, furaha au machozi, sikujali kipi. Nikaoga. Nikala makemba.

Nilikwenda kumwita Mama ale. Jikoni hayupo. Uani hayupo.

Alikuwa chumba cha mbele, ameketi chini, mahali palepale, kwenye saruji tupu. Alikuwa amevaa kitenge kipya cha rangi, wamempa leo. Miguu ameinyoosha mbele.

"Mama, imeisha. Simama, ule."

"Najua imeisha."

"Simama basi. Umeonyesha watu wote unaweza."

"Nilisimama sababu Amisa alianguka," akasema. "Kama hakuanguka, sijui." Akapangusa saruji kwa kiganja. "Pale kwenye mukeka nilikuwa bado bibi ya papa yako, muke wake. Watu wakiingia wanasema, bibi yake iko hapa. Sasa nimesimama. Niko nani?"

Mwalimu daima ana la kusema. Nilitafuta kwenye gazeti lile, kurasa zote ninazozikumbuka, damu, mifupa, mipira, mwali wa duara. Waliandika jinsi ya kumrudishia mtu miguu. Hawakuandika kama yeye mwenyewe aliulizwa.

Mimi nilimhesabia Mama miezi hii yote. Panda, shuka, sukuma, rudisha. Sikumwuliza hata mara moja kama anataka kuinuka.

Sikuwa nimeketi kwenye mkeka ule, sasa naona. Hata siku moja. Nilikuwa nina shule, nina mazoezi, nina kisu na mpira. Wote waliokuja walikaa chini kidogo kwa ajili ya Papa, hata yule jirani aliyekuwa hasalimiani naye. Mimi nilikuwa wima.

Nikakaa. Saruji ni baridi. Mama alisogea kidogo kunipa nafasi, kana kwamba alikuwa ameiweka. Baada ya muda akaegemea bega langu, na sasa amelala hivyo, anapumua kwa mdomo, na mimi naandika daftari likiwa gotini. Mguu wangu wa kushoto umekufa ganzi tangu aya tatu zilizopita. Siusogezi.

Kesho ni Jumapili. Mmoja wetu itambidi atangulie kusimama, na kwa mara ya kwanza sina haraka ya kujua ni nani.